Matofali ya Mgeni

Mhadhiri wangu wa takwimu alikuwa na tabia ya kusoma kazi za wanafunzi akiwa amesimama, mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayesoma tangazo la mnada wa vitu asivyovihitaji. Siku aliyosoma yangu hakufika ukurasa wa tatu. Alichomoa kalamu nyekundu, akaandika neno moja juu ya jedwali langu la vipimo, akanirudishia karatasi mbele ya darasa zima. Neno lenyewe lilikuwa UMEPIKA.

Kwa ambaye hakupitia vyuo vyetu, kupika data ni kukaa kitandani na soda yako ukabuni namba ambazo ulitumwa kwenda kuzipima. Darasa letu la uhandisi ujenzi pale Mbeya lilipika karibu lote. Walikuwa na kaka mmoja wa mwaka wa nne aliyewafundisha kazi hiyo kwa moyo: usiandike namba zinazofanana, tia uchafu kidogo, weka mbili tatu za ajabu ili ionekane mtu alitoka jasho. Wakatia uchafu, wakapita wote. Mpaka leo wengine wananipungia mkono kutoka kwenye madirisha ya magari ya miradi, nami siwapungii. Mimi niliyepima nguvu ya kila tofali la mradi kwa mikono yangu, mpaka kucha zikawa na rangi ya udongo wiki nzima, ndiye niliyeandikiwa neno lile.

Na somo lenyewe nilikuwa nalirudia. Mwaka uliotangulia nililifeli kihalali kabisa, kwa sababu nililidharau. Niliona mhandisi ni wa nondo na zege, si wa kuhesabu mikengeuko kama karani wa sensa. Sheria ya chuo ilikuwa fupi. Ukifeli somo lile lile mara ya pili unadisko, yaani unafunga godoro lako kwa kamba na kurudi kwenu, hakuna wa kumlilia. Bila mradi wa vipimo hufanyi mtihani, na bila mtihani umefeli. Kwa hiyo neno lile jekundu halikuwa la kunitusi tu. Lilikuwa tiketi ya kurudi Kalenga, kijijini kwetu karibu na Iringa.

Nilimfuata mlangoni.

"Dokta, mimi sijapika. Nimepima mwenyewe maabara, fundi aliniona."

Hakusimama. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, ikabidi umkimbilie ili utukanwe vizuri.

"Matofali thelathini ya kuchoma kwa kuni, kijijini," alisema. "Halafu yanalingana kama yametoka kiwandani. Wewe umewahi kuona tanuru?"

"Mama yangu anachoma matofali."

"Basi una aibu mara mbili." Hapo alisimama, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nakupa siku kumi. Niletee vipimo vya kweli au usilete kitu. Na usiniambie wastani. Niambie yametawanyikaje."

Nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu watu wakishapata vyeti huanza kuwasifu walimu waliowatesa, eti waliwajenga. Huyu hakunijenga. Alininyanyasa, na alikuwa na haki ya kunishuku, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja tumboni mwangu bila kusalimiana.

Siku ile mvua ya Mbeya, ile nyembamba isiyoisha, ilikuwa imelifunika darasa na mlima nyuma yake. Nilikwenda maabara kwa sababu nilikuwa nataka kuvunja kitu, na pale kulikuwa na mashine ya kuvunjia. Fundi wa maabara alikuwa mzee wa Kinyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, mtu pekee pale chuoni niliyemsalimia bila kukereka. Alinikuta nimesimama mbele ya vipande vya matofali yangu, vilivyokuwa vimerundikwa pembeni vikisubiri kutupwa. Nikamweleza. Aliokota vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio lake.

"Nani alikuchagulia hizi?" aliuliza.

"Mama."

Akacheka mpaka akatafuta kigoda akaketi.

"Mama yako kakumaliza, mwanangu. Mtu akija kwangu nyumbani nampa ndizi ya mkungu gani? Ule ulionona. Akirudi kwao atasema Tukuyu nzima ndizi zimenona. Huyo kasema uongo?"

"Hajasema."

"Na ukweli je, kausema?"

Nilimwambia ndaga, yaani asante, kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza, nikatoka nje kwenye mvua. Nilipaswa kucheka naye. Badala yake nilisikia hasira ikihama, ikimwacha mhadhiri na kuelekea barabara ya Iringa.

Maana nilikumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa. Nilimpigia mama simu nikamwambia nahitaji matofali thelathini ya kupimia chuoni. Basi. Sikumwambia zaidi, ingawa daftarini mwangu iliandikwa kwa wino na kupigiwa mstari kwamba sampuli ichukuliwe bila upendeleo, kila kitu kiwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Niliyaandika maneno hayo kama mtu anavyoandika namba ya simu ya mtu asiyekusudia kumpigia.

Tanuru la kuni ni kama chungu kikubwa cha viazi: haliivi sawa. Matofali ya katikati, yaliyozungukwa na moto pande zote, hutoka mekundu, na ukiyagonganisha yanalia. Ya pembeni, yaliyoegemea tope lililokandikwa nje, hutoka na rangi ya boga, na mengine ukiyaminya kwa kidole gumba yanakuachia unga. Wachomaji wote wa bonde la Kalenga wanalijua hilo. Na kila mmoja wao ana rundo dogo kando ya njia, matofali ya kuonyesha, yote ya katikati. Mteja akija anagongewa mawili ya rundo lile. Jirani akiomba moja la kuwekea mtungi anapewa la rundo lile. Halafu lori likija kupakia, matofali ya tanuru zima yanapanda pamoja, ya pembeni yakiwa yamechanganywa kwa ustadi kati ya mazuri, na hakuna anayeona kama kuna mtu amedanganywa. Ndivyo biashara ilivyo. Lakini kumkabidhi mtu tofali la pembeni mkononi, uso kwa uso, hilo kwa mama lilikuwa sawa na kumkaribisha mgeni kwa ukoko.

Sasa mwanawe anasoma uhandisi Mbeya, na matofali yatawekwa mbele ya madokta. Mama alichagua kwa siku mbili. Aliyafuta vumbi kwa kanga, akayapanga kwenye magunia na nyasi kavu katikati, akamkabidhi dereva wa lori la vitunguu na kumwonya kama anamkabidhi mayai. Niliyapokea, nikaona ni mazuri, nikafurahi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nikapanda basi la asubuhi kurudi Iringa. Njia nzima nilikuwa natunga maneno.

Mama alinipokea kwa kamwene yake ndefu, salamu ya Kihehe, akiwa amekunja sketi kiunoni na matope yamemfika kwenye magoti. Hakuuliza kwa nini nimekuja katikati ya muhula. Alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba au ya mgeni, na baba alishatangulia miaka mingi, basi tangu nilipoondoka kwenda chuo firigisi ilikuwa yangu. Alizamisha upawa kwenye sufuria, akaitafuta taratibu ile firigisi, akaitua kwenye sahani yangu, akaongeza paja. Nikala vyote. Kisha nikamweleza kuwa matofali yake yamenitia matatani.

"Yamevunjika njiani?"

"Hapana. Yalikuwa mazuri mno."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua imelowa.

Bahati, kama inaitwa hivyo, ni kwamba tanuru jipya lilikuwa limepoa na lilitakiwa kubomolewa kesho yake. Nikamwambia mpango. Tungehesabu safu za matofali, tungehesabu nafasi katika kila safu. Ningeandika karatasi, kila moja na safu yake na nafasi yake, ningezitia kwenye sufuria na kuzichanganya, kisha ningechomoa thelathini bila kutazama. Vibarua wakifika kwenye nafasi iliyotajwa, tofali linalotoka pale ndilo langu, liwe jekundu, liwe la boga, liwe limepinda.

"Sufuria ipi?" mama aliuliza.

"Hiyo ya mboga. Ndiyo kubwa."

"Unapiga ramli kwenye sufuria yangu."

"Si ramli, mama. Ndiyo njia yenyewe."

"Haya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hata jembe hujasubiri, umekuja na uchawi."

Lakini aliniachia sufuria. Asubuhi tulianza, vibarua wawili wakishusha, mimi na karatasi zangu na chaki, mama akizunguka tanuru mikono ikiwa nyuma. Kila tofali lililotoka kwenye nafasi yangu niliandika namba ubavuni na kuliweka kwenye mkeka. La kwanza lilikuwa zuri, mama akatabasamu. La pili na la tatu mazuri. Matano kati ya sita ya kwanza yangeweza kwenda kwenye rundo la kuonyesha, na mama akaanza kuimba kwa Kihehe, sauti ya chini. La saba lilitoka kwenye kona ya nje kabisa. Lilikuwa na rangi ya boga na ukingo mmoja umeshaanza kumeguka. Nililiandika saba, nikaliweka mkekani kwa fahari ya kijinga, nikaenda kunywa maji.

Niliporudi, namba saba ilikuwa juu ya tofali jekundu.

Nililiokota nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Lililia. Nikaitazama ile namba. Mimi saba yangu haina mstari katikati. Saba ya mama ina mstari, kama alivyofundishwa na masista wa Tosamaganga.

"Mama, umebadilisha."

"Nimebadilisha nini?"

"Tofali la saba."

Alijipangusa mikono, ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ile ilikuwa bichi. Utaipeleka Mbeya ile? Waiweke mezani, waulize huyu mtoto katoka kwa nani?"

"Hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka."

"Mimi sijawahi kumpa mtu tofali bichi mkononi. Sijawahi, toka nianze kazi hii."

"Mkononi hujawahi," nilisema. "Kwenye lori unachanganya."

Vibarua waliacha kushusha. Nilijua nimevuka mstari, nami nilikuwa na maneno ya safari nzima ya basi hayajatumika.

"Chuo kimeniandikia kwamba nimepika. Wamenipa siku kumi. Nikikosa nafukuzwa, mama, narudi hapa kukanyaga udongo na wewe. Na mimi sijapika chochote. Aliyepika ni wewe."

Hapo ndipo nilipomwona mteja. Alikuwa Mhindi mwenye duka la misumari, rangi na mabati kule Mlandege, mjini Iringa, mnunuzi mkubwa wa mama kwa miaka. Babu yake ndiye aliyelifungua duka lile, naye Kihehe chake cha kusalimia kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa amesimama kando ya rundo la kuonyesha, matofali mawili mkononi, yale ya kugonganisha. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa amefika mapema kiasi cha kusikia.

"Mama yako kapika nini?" aliniuliza kwa upole.

Ningeweza kusema chakula. Ningeweza kusema ni mambo ya nyumbani. Mama alinitazama, na katika maisha yangu hajawahi kuniomba kitu kwa macho ila siku ile.

Nikamweleza. Tena nilimweleza vizuri, kwa mara ya kwanza nililielewa somo lile nikiwa na kijiti mkononi, nikichora tanuru kwenye vumbi: hapa moto, hapa pembeni, hapa rundo la kando ya njia. Nilimwambia kwamba mawili ya kugonganisha hayamwambii kitu kuhusu maelfu yaliyobaki, kwa sababu hayakuokotwa, yalichaguliwa. Nilimwonyesha sufuria na karatasi. Nilikuwa na sauti ya mhadhiri, na naamini hata mkono mmoja nilikuwa nimeutia mfukoni. Yule bwana alisikiliza kama mfanyabiashara anavyosikiliza, bila kupoteza hata neno. Kisha aliyarudisha yale mawili kwenye rundo, taratibu, yasigongane.

"Miaka yote hii," alisema, "nagonga mbili, nasema sawa, napakia." Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. "Mama, na mimi naomba nichomoe karatasi."

Alichomoa kumi kutoka sufuria ya mama. Manne yalikuwa ya pembeni. Alichukua mzigo wake siku ile, lakini ya rangi ya boga aliyaacha, akawaambia vibarua wake wayatenge moja moja. Mama alisimama pale mpaka lori likaondoka. Alikwenda nyuma ya tanuru, akarudi na tofali la boga lenye namba saba isiyo na mstari, akaliweka juu ya mkeka wangu, akaenda kunawa.

Nilibeba yote thelathini mpaka Mbeya. Fundi wa maabara alinisaidia kuyaweka kwenye mashine, moja moja. Mengine yalivumilia mpaka tukarudi nyuma tukihofia vipande. Mengine yalikata tamaa mapema. Lile la saba lilimomonyoka kabla mshale wa mashine haujanyanyuka vizuri, likabaki unga na mawe madogo kwenye sahani ya chuma, na fundi akalifagia kwa brashi bila kusema lolote kuhusu mama yangu. Nilichora vipimo kwenye karatasi ya miraba. Safari ya kwanza vilikuwa vimesongamana sehemu moja kama watu kwenye foleni. Sasa vilikuwa vimetapakaa ukurasa mzima, kutoka unga mpaka chuma, na kwa namna fulani vilikuwa vibaya kuvitazama. Wastani ulikuwa umeshuka, lakini niliufikia mwisho kabisa. Kwanza niliandika vimetawanyikaje.

Mhadhiri alisoma akiwa amesimama. Alifika ukurasa wa mwisho.

"Haya ni matofali," alisema.

Nilisubiri. Nilidhani lipo jingine.

"Yale ya mwanzo," akauliza, "kumbe ulipima kweli?"

"Nilipima kweli, Dokta. Ila yale alinichagulia mama, kwenye rundo lake la kuonyesha."

"Basi ulipima rundo la mama yako. Hukupima tanuru." Akaandika alama, ya kupita na ziada kidogo, akachukua karatasi ya mwingine. Ile iliyofuata ilikuwa imepikwa. Naijua kwa sababu aliyeiandika alinionyesha akiiandika. Alipita nayo.

Hakuniomba radhi, si siku ile wala baadaye. Nilifanya mtihani, nikafaulu, sikudisko. Nina cheti, nina kofia ya njano, na kazi yangu ni kwenda kwenye viwanja vya ujenzi hapa Mbeya kukataa matofali ya watu. Siangalii rundo la mlangoni. Napita moja kwa moja nyuma, nachomoa pale namba zangu zinapoangukia, na wenye matofali wananichukia kwa macho nisiyoyashangaa. Nikimaliza siwaombi radhi. Nimewahi kujiona kwenye kioo cha gari, nimesimama nasoma karatasi, mkono mfukoni, nikautoa.

Mama pia sijamwomba radhi. Nilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniziba mdomo. Ukikosea unajua pa kuanzia.

Kule Kalenga mambo hayakuishia kwa mteja mmoja. Yule bwana alimwambia mwenzake, mwenzake akamwambia fundi mwashi, na ndani ya misimu miwili kila aliyekuja bondeni kununua alitaka kuchomoa. Wengine hawana karatasi. Wanafumba macho na kunyoosha kidole. Rundo la kando ya njia limebaki, hakuna anayeligusa. Wachomaji wenzake mama hawakumsema mbele yake. Walisema mtoto wa fulani kasoma. Matofali ya pembeni, yaliyokuwa yakipanda lori zamani, yakaanza kubaki nyumbani, yakajaa mpaka njia ya kwenda chooni ikaziba. Mwisho mama akayatumia kujenga jiko jipya, la kwake mwenyewe. Ndimo anamopikia sasa. Ukiegemea ukuta wake unaondoka na bega la rangi ya boga.

Mara ya kwanza nilipokwenda baada ya mtihani alichinja kuku, kama kawaida. Niliketi kwenye kigoda ndani ya jiko lile. Alichukua upawa, akanitazama usoni badala ya kutazama sufuria, akauzamisha na kukoroga.

"Bila kuchagua," alisema. "Si ndivyo mlivyofundishwa?"

Upawa uliibuka na shingo. Akaitua kwenye sahani yangu, akaniongezea mchuzi, firigisi akampa mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mara ya pili ilikuwa shingo. Mara ya tatu shingo. Ni sufuria ile ile, ya karatasi. Kila safari ananitazama usoni, anakoroga, anasema bila kuchagua, na inatoka shingo. Kuku ana shingo moja. Mimi sina tabia nyingine tena, kwa hiyo nilianza kuandika. Nina daftari dogo la kazini, na kurasa za nyuma kuna safari zangu za Kalenga na kilichotoka kwenye sufuria. Ikafika safari ya kumi na moja. Nilipiga hesabu nikiwa kwenye basi: kuku akikatwa vipande kumi na viwili, mtu achote bila kutazama apate shingo mara kumi na moja mfululizo. Jibu lilikuwa sifuri nyingi mno, zilivuka kioo cha kikokotoo. Mhadhiri wangu angechomoa kalamu nyekundu.

Safari ile, shingo ilipotua, sikuigusa.

"Mama, hii si bahati nasibu."

"Ipi?"

"Shingo. Mara kumi na moja."

Aliweka upawa juu ya mfuniko. "Umehesabu?"

"Nimeandika zote."

"Mimi nilifikiri utajua mara ya tatu," alisema. "Na wewe ndo umesoma."

"Kwa hiyo unachagua."

"Nachagua. Mkono wangu haujui kazi nyingine." Alichota cha kwake, paja, bila haraka. "Ulinikataza nisikuchagulie nzuri, mbele ya watu. Hukunikataza nisikuchagulie mbaya."

Daftari lilikuwa magotini, limefunguka ukurasa wenyewe, na yeye hakulitazama. Nikala shingo. Nilipoinuka kwenda kunawa, alinipangusa vumbi la ukuta begani kwa nguvu, mara mbili, akarudi kwenye sahani yake.